Ukumbi Ule Haukuwa wa Kwata

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nisahihishe jambo ambalo, nikilinyamazia, litaandikwa kwenye kibao cha bati na kupigiliwa misumari ukutani, na likishafika hapo litakuwa gumu kuondolewa. Mwezi uliopita mlichapisha makala kuhusu majengo makongwe ya huku Busoga, mashariki mwa Uganda, na mwandishi wenu akautaja ukumbi mkubwa wa mabati ulio kando ya reli katika mji wetu, akisema kwamba wakoloni waliujenga mwaka 1902 uwe ukumbi wa kwata wa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la askari Waafrika waliotumikia serikali ya Kiingereza. Tangu makala hayo yatoke, kamati moja ya hapa mjini imeing'ang'ania kauli hiyo, imechangisha fedha za rangi na bati, na sasa inataka kuutundikia ukumbi huo jina ambalo haukuwahi kuwa nalo. Nia ya kuuhifadhi naiunga mkono kwa moyo wote, hata mchango wangu nimetoa. Jina ndilo silikubali.

Ni haki msomaji ajue ninasema kwa niaba ya nini. Mimi ni mwalimu mstaafu wa somo la historia, na ni mtoto wa Keya. Nilizaliwa katika laini, yaani safu za nyumba za askari, za kambi ya Jinja, baba akiwa koplo. Yeye alikuwa Mwacholi na mama Mnubi wa Bombo, na kwa kuwa siku walipokutana hawakuwa na lugha nyingine ya kuelewana, Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya nyumba yetu. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba nakataa askari wasitajwe. Nataka watajwe mahali walipokuwa.

Nianze na ukumbi wa kwata wenyewe, maana nahisi mwandishi wenu amelisikia jina hilo bila kukiona kitu. Mimi nimekiona. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kumtembelea binti yangu, ambaye ni muuguzi, katika mji wa Lincoln nchini Uingereza, na siku moja ya mvua akanipeleka kwenye jengo lililo barabara ya Broadgate ambalo hadi leo wenyeji wanaliita Drill Hall, ingawa ndani yake siku hizi kuna michezo ya kuigiza, muziki na watoto wanaojifunza kucheza dansi. Uso wake umejengwa mithili ya ngome, kana kwamba adui angetokea upande wa pili wa barabara, lakini ukishaingia unakuta ukumbi mpana ambao mtu angeweza kuwapanga askari mistari kadhaa na kuwageuza kulia na kushoto bila bega kugonga ukuta.

Nilimuuliza mzee mmoja aliyekuwa akipokea tiketi kwa nini watu walihangaika kujenga nyumba kwa ajili ya kutembea tu. Alicheka, akanionyesha dirisha. Ilikuwa mwezi Desemba, saa kumi alasiri, na nje kulikuwa giza kama la saa mbili usiku kwetu, mvua ya baridi ikinyesha bila haraka. Akaniambia kwamba waliokuwa wakifunzwa humo hawakuwa askari wa kudumu. Walikuwa makarani, mafundi wa viwandani, wauza duka na walimu, ambao walifanya kazi zao mchana kutwa, wakala chakula cha jioni, kisha wakaja kupiga kwata saa moja au mbili na kurudi kwa wake zao. Pasipo paa na taa, watu wa namna hiyo wasingefunzwa chochote kwa miezi mitano ya mwaka.

Hapo ndipo nilipoelewa. Asili ya kumbi hizo ni mwaka 1859, wakati Waingereza walipohofia kuvamiwa na Ufaransa ya Napoleon III, na serikali yao ikaruhusu raia waunde vikosi vya kujitolea. Mwanzoni walijifunza popote walipopata nafasi, viwanjani, mashuleni, hata katika masoko yaliyofungwa, lakini miaka ilivyopita kila mji ukaanza kujijengea ukumbi wake, mara nyingi kwa michango na kwa hisani ya matajiri wa hapo. Huo wa Lincoln ulijengwa mwaka 1890, na sehemu kubwa ya gharama ilitolewa na Joseph Ruston, mwenye kiwanda cha mashine za mvuke. Kwa kawaida kumbi kama hizo zilikuwa na chumba cha silaha, chumba cha maofisa, mahali pa kujifunzia kulenga shabaha, na makao ya sajini mwalimu wa kwata, ambaye ndiye peke yake aliyekuwa askari wa kulipwa kila siku. Mwaka 1908, baada ya mageuzi ya Waziri wa Vita Richard Haldane, vikosi hivyo vya kujitolea viliunganishwa kuwa jeshi moja la akiba, na kumbi zikaendelea na kazi ileile.

Kwa kuwa ukumbi ulikuwa katikati ya mji, na ulikuwa mkubwa kuliko nyumba nyingine nyingi, mji uliutumia kwa kila shida yake. Mwaka 1905 homa ya matumbo ilipoukumba Lincoln kwa sababu ya maji ya bomba yaliyochafuka, ukumbi wa kwata uligeuzwa hospitali, vitanda vikapangwa palepale walipokuwa wakisimama askari. (Katika mlipuko huohuo ndipo wataalamu walipoanza kuyatia maji ya mji huo dawa ya klorini, jambo ambalo wakati ule lilikuwa geni, na ambalo mimi na wewe tunaonja ladha yake kila tufunguapo bomba.) Miaka tisa baadaye vita vikaja. Kikosi cha 4 cha Rejimenti ya Lincolnshire kiliondoka na vijana wa mji ule, na tarehe 13 Oktoba 1915, huko kaskazini mwa Ufaransa, divisheni yao ilipewa amri ya kuishambulia ngome ya Wajerumani iliyoitwa Hohenzollern Redoubt. Kwa siku ile moja divisheni hiyo ilipoteza watu zaidi ya 3,500, waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea, wengi wao katika dakika za mwanzo tu.

Nimeyaeleza haya kwa urefu ili ionekane kwamba ukumbi wa kwata ni zaidi ya paa kubwa walilopita askari chini yake. Ni nyumba ya raia wanaoshika bunduki jioni na kuirudisha kabatini kabla ya kulala. Serikali inayojenga nyumba ya namna hiyo katikati ya mji, au inayoruhusu ijengwe, ni serikali inayomwamini karani na fundi wake kwa silaha. Sasa nauliza, ni serikali ipi ya kikoloni iliyowahi kumwamini karani Msoga kwa silaha, imwite jioni baada ya kazi, imfundishe shabaha, kisha imwambie aende nyumbani na arudi Alhamisi?

Keya walikuwa kitu kingine kabisa. Kikosi chao kiliundwa rasmi tarehe 1 Januari 1902 kwa kuunganisha majeshi ya Afrika ya Kati, Afrika Mashariki na Uganda, na batalioni ya 4 ndiyo iliyokuwa ya Uganda. Hao walikuwa askari wa mshahara, usiku na mchana. Waliishi kambini katika laini pamoja na wake na watoto wao, wakaamshwa na tarumbeta, wakalazwa na tarumbeta. Mtu wa namna hiyo hana haja ya ukumbi wa jioni, kwa kuwa siku yake yote ni ya jeshi, na jua analo. Mvua ya huku Busoga, kila mkazi anajua, hupiga kwa kishindo kama saa moja hivi kisha jua likatoka na kuukausha uwanja. Tena serikali ya wakati ule, ambayo kila shilingi ya jeshi iliihesabu mara mbili, isingemwezekea Keya paa la kutembelea ilhali yeye mwenyewe alilala katika kibanda cha nyasi.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Keya walikuwa na batalioni tatu. Ilipokwisha mwaka 1918 zilikuwa 22. Maelfu kwa maelfu ya kuruta walifunzwa katika miaka hiyo minne, na wote walifunzwa katika viwanja vya wazi vilivyofyekwa kwa mapanga.

Baba aliandikishwa katika vita ya pili. Alikuwa akitusimulia kwamba wiki za mwanzo walipiga kwata pekupeku kwenye uwanja wa changarawe uliozungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na kwamba ikifika saa tano, changarawe zile za moto zilimfundisha kuinua mguu kuliko sajini yeyote. Mawe ya chokaa kila Jumamosi yalikuwa lazima yapakwe upya, hata kama hayakuchafuka. Kazi hiyo aliichukia kuliko vita, na vita aliijua, maana alikwenda mpaka Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, akapita bonde la Kabaw katika mvua za mwaka 1944 na kufika mto Chindwin. Katika masimulizi yake yote, na alikuwa msimuliaji asiyechoka, sikumsikia hata mara moja akitaja kwata ya ndani ya nyumba. Nadhani angecheka kama yule mzee wa Lincoln.

Nije sasa kwenye ukumbi wetu. Namwomba mwandishi wa makala yale, siku atakayopita tena, asimame upande wa reli, si upande wa barabara, na autazame mlango mkubwa. Mlango ule wa kusukuma uko juu ya ardhi kwa kimo cha kifua cha mtu mzima, na mbele yake kuna kijukwaa cha saruji. Askari gani huingia kwata kwa kupanda ukuta? Kimo kile ni cha sakafu ya behewa. Kisha aingie ndani na kutazama chini, ataona karibu na mlango wa pili shimo la mstatili lililofukiwa kwa saruji ya rangi tofauti, hapo ndipo palipokuwa na mizani. Ukutani, chini ya chokaa ya miaka ya karibuni, zinasomeka namba zilizochorwa kwa rangi nyeusi, kutoka 1 hadi 14, kila moja ikiwa hatua tatu kutoka kwa mwenzake, nazo ni alama za mafungu ya marobota. Madirisha yako juu sana na yamewekewa wavu mwembamba wa chuma ili cheche za treni zisiingie. Na akiwa na ngazi, apande hadi kwenye boriti, apitishe kidole kwenye vichwa vya misumari. Mimi nilipanda mwaka juzi, pamoja na umri wangu na makelele ya mke wangu aliyekuwa chini, nikashuka na nyuzi za pamba kidoleni, zimegeuka rangi ya kahawia kama nywele za mtoto mwenye utapiamlo.

Ni ghala la pamba, Mhariri. Na mwaka 1902 hauwezekani hata kidogo. Reli ya Busoga, ile iliyotoka Jinja hadi Namasagali, ilifunguliwa mwaka 1912, na kilimo cha pamba ya kuuza nje chenyewe kilianza nchini Uganda mwaka 1903 na 1904. Haiwezekani mtu akajenga mlango wa kimo cha behewa miaka kumi kabla ya behewa kufika. Mwaka 1902 ni mwaka wa kuundwa kwa Keya, na naona mtu ameuchukua kutoka huko akaubandika kwenye ukuta huu kwa kuwa jina na mwaka vilipendezana.

Hata hivyo najua jina hilo lilikotoka, na hapa lazima nikiri kwamba kosa lilianzia nyumbani kwetu. Baba alipostaafu jeshini alihamia mji huu, akapata kazi ya ulinzi wa usiku katika ghala hilohilo. Wenye mali waliwapenda Keya wastaafu kwa kazi hiyo, kwa kuwa hawalali na hawaogopi. Alikwenda kazini amevaa koti lake la jeshi, hata msimu wa joto, na sikukuu zikifika alibandika nishani zake. Mara saa mbili usiku ilipofika alianza kutembea juu ya kijukwaa kile cha saruji, hatua ishirini kwenda, nyuma geuka, hatua ishirini kurudi, fimbo begani badala ya bunduki, akijitolea amri mwenyewe kwa sauti ya chini. Sisi watoto wa jirani tulikuwa tukijificha nyuma ya mabehewa kumwangalia, nasi tukimwiga tukiwa pembeni, mguu pande, mguu sawa, mpaka anatusikia na kupiga kelele, "Nani huko? Simama!" Hakuna aliyesimama. Ndivyo mahali pale palivyoanza kuitwa "kwa Keya", na mama akinituma chakula aliniambia, "Mpelekee baba yako kwa Keya." Miaka sitini baadaye, kijana wa kamati anamsikia bibi mmoja akisema "kwa Keya walikuwa wakipiga kwata usiku", naye anaandika katika daftari lake kwamba palikuwa ukumbi wa kwata. Bibi hakusema uongo. Ni kwamba Keya alikuwa mmoja.

Nimewaeleza wanakamati haya yote, na jibu nililopewa ni kwamba jina halimdhuru mtu, tena wageni watavutiwa na habari za askari kuliko habari za pamba. Kuhusu wageni sina elimu. Lakini kibao hicho kitawadhuru watu wa aina mbili.

Wa kwanza ni wakulima. Baba na babu za watu wengi wa mji huu walisimama foleni nje ya ghala lile, magunia kichwani, wakingoja kupimiwa na mizani ambayo hawakuruhusiwa kuisogelea. Bei walipangiwa. Kwa miaka mingi Mwafrika wa Uganda aliruhusiwa kulima pamba lakini si kuichambua wala kuiuza nje mwenyewe, na hasira ya jambo hilo ilikuwa miongoni mwa sababu za ghasia za mwaka 1949 kule Buganda, ambapo wakulima wa chama cha Ignatius Musazi walidai haki ya kuchambua na kuuza pamba yao. Katika miaka ya 1950 ndipo vyama vya ushirika vilipoanza kupata viwanda vya kuchambulia. Hiyo ndiyo historia iliyomo katika boriti zile, na ukiweka neno "kwata" mlangoni umeifunga humo ndani.

Wa pili ni Keya wenyewe. Kibao cha ukumbi wa kwata, chenye picha ya askari aliyenyooka, kitamwambia mtoto kwamba habari ya askari wa Busoga ni habari ya gwaride safi. Siyo. Mtoto huyo nitamchukua kwa basi hadi Bukaleba, kando ya ziwa, kwenye ngome iliyojulikana kwa jina la Chifu Luba. Huko, mwezi Oktoba 1897, askari wa Kisudani wa jeshi la Uganda Rifles, ambao walikuwa wamechoshwa na safari zisizokwisha mbali na wake zao, mshahara mdogo na unaochelewa, na malipo ya vitambaa badala ya fedha, waliiteka ngome na kumshika ofisa wao, Meja Thruston, aliyekuja akiamini kwamba wangemsikiliza. Walimuua pamoja na Wazungu wengine wawili. Mapigano yalidumu wiki nyingi, na mmisionari George Pilkington, mfasiri wa Biblia ya Kiganda, aliuawa hapo Desemba ya mwaka huohuo. Askari hao walikuwa masalio ya jeshi la Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Misri kusini mwa Sudan, waliochukuliwa na ofisa Mwingereza Lugard mwaka 1891 karibu na Ziwa Albert, na miongoni mwa wenzao waliobaki watiifu ndimo walimotoka Wanubi, watu wa mama yangu. Si habari ya kujivunia moja kwa moja, wala si ya kuona haya moja kwa moja.

Kutoka Bukaleba tungerudi Jinja. Miaka zaidi ya 66 baadaye, mwezi Januari 1964, Uganda ikiwa huru kwa muda wa mwaka mmoja na miezi michache, batalioni ile ya zamani ya Keya, ambayo sasa ilikuwa imebadilishwa jina, iligoma kambini. Wiki ileile Tanganyika na Kenya zilitikiswa na maasi ya namna moja. Waziri wa Mambo ya Ndani, Felix Onama, alikwenda kuzungumza na askari tarehe 23, wakamzuia mpaka akubali madai yao ya mshahara. Serikali ikaomba msaada wa Waingereza, na alfajiri ya tarehe 25 askari wa Kiingereza wakaizingira kambi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nakumbuka baba, ambaye tayari alikuwa mlinzi wa ghala, akiwa amekaa uani na redio sikioni, koti la jeshi mabegani. Hakusema walikuwa na makosa, wala hakusema walikuwa na haki. Alisema tu, "Mshahara," kisha akazima redio ili betri zisiishe.

Maasi mawili, yote ndani ya Busoga, yote yakiwa na mshahara ndani yake, na baina yake kizazi kizima cha watu waliotembea hadi Burma. Hakuna hata moja lililotokea chini ya paa la ukumbi.

Kuna na kumbukumbu nyingine ya jeshi lile ambayo haihitaji kibao, nayo tunaitembeza midomoni. Tunapomwita ofisa "afande" tunatamka neno la Kituruki, "efendi", lililopitia jeshi la Misri na Sudan hadi kwetu. Wazee wa Bombo bado wanakumbuka "shaushi" kwa sajini na "ombasha" kwa koplo, nayo yametoka mlango uleule. Mitaa ya Malakia katika miji yetu ya kaskazini ilianza kama makazi ya watu waliofuatana na askari hao. Kiswahili chenyewe, ambacho Katiba yetu ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, kwa Waganda wengi bado kina harufu ya kambi na ya vizuizi vya barabarani miaka ya 1970, na mimi niliyekifundisha kwa hiari baada ya vipindi najua jinsi wazazi walivyonitazama. Tukiwadanganya watu hata kuhusu mahali askari walipotembelea, sijui watatuamini vipi tutakapowaeleza mengine.

Ninachoiomba kamati ni kidogo. Kibao kiwekwe, tena kwa Lusoga, Kiswahili na Kiingereza, na kiseme kwamba hili ni ghala la pamba lililojengwa kando ya Reli ya Busoga baada ya mwaka 1912, kwamba wakulima wa eneo hili walipimia hapa mazao yao, na kwamba usiku lililindwa na askari wastaafu wa Keya, ndiyo maana wenyeji wakapaita "kwa Keya". Jina la baba silidai. Shimo la mizani lisifukiwe zaidi ya lilivyofukiwa, na namba za ukutani zisipakwe rangi, maana nimesikia kuna mfadhili anayetaka kuta zing'ae. Na kama fedha za bati zitabaki, basi zinunue kinasa sauti. Ninawajua wazee wanne ambao walifanya kazi ndani ya ghala lile, wawili wana zaidi ya miaka 85, na mmoja wao huongea vizuri asubuhi tu.

Gazeti lako nalo naliomba lichapishe masahihisho mahali palepale makala yalipotokea, si katika kona ya chini.

Fundi aliyepewa kazi ya kuchora kibao ni mwanafunzi wangu wa zamani. Nilipita karakana kwake juzi nikakuta bati limekwisha kupakwa rangi nyeupe na limeegemezwa ukutani, likikauka. Ameniambia atasubiri hadi Ijumaa kabla ya kuanza herufi.

Wako katika kazi,

Mwalimu mstaafu,
Busoga, Uganda